Alama Kwenye Krenki

Mzee Mizani hakuaga kwenye duka la tano. Alikinyakua kile chuma juu ya kaunta, akakifunga tena kwenye leso yake, akatoka huku anasonya.

"Mzee, nakwambia ukweli," muuza duka alimwita kwa nyuma. "Hii krenki si ya msumeno. Ni ya pampu ya maji."

"Pampu ya maji ni kichwa chako!"

Wanne wa kabla yake walikuwa wamesema hayo hayo, na mzee aliwaona wote ni wezi tu. Kwa miaka thelathini alikuwa mkaguzi wa mizani wa serikali. Alishakamata mawe ya kilo yaliyotobolewa chini na vipimo vya lita vyenye kitako cha uongo, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita jina hilo. Leo watoto wa juzi, hata ndevu hazijakolea, wamfundishe kuhusu chuma kilichotoka tumboni mwa msumeno wa baba yake? Thubutu!

Msumeno wenyewe ulikuwa wa injini, wa zamani, urithi pekee aliouachiwa na marehemu. Ulizimika wakati ulipohitajika kuliko siku zote. Mti wa nyuma ya nyumba ulikuwa umeng'oka mizizi upande mmoja na kuinamia chumba wanacholala wajukuu. Mvua ingenyesha wiki moja tu, ungewaangukia.

"Si uazime kwa jirani?" mkewe alimwambia. "Mti haujui msumeno ni wa nani."

Mzee aliubeba msumeno begani. Yeye kuazima!

Akaupeleka kwa fundi, mtu mpole, wa kuamkia mara mbili mbili. Fundi alimtuma akalete petroli kidogo ya kuoshea, na aliporudi alikuta msumeno uko wazi, chuma kimelala mezani juu ya gazeti.

"Pole, mzee wangu. Krenki imekufa. Ndiyo hii inayozungushwa na pistoni, bila hii hapa huna mashine, una sanamu. Nenda nayo madukani iwe sampuli, utafute inayofanana nayo kabisa. Usikubali nyingine. Ukikosa kote, kuna yule mama wa duka la kona, ila ni ghali, mwache awe wa mwisho. Na sampuli unirudishie, nitapimia nini nikifunga?"

Angalau huyu ana adabu, Mizani aliwaza. Lakini wauza maduka aliwajua. Alichukua msumari na kuchora mizani ndogo ubavuni mwa krenki, ili asije akabadilishiwa na mjanja yeyote. Hapo ndipo alipoona mikwaruzo mingine iliyotangulia: nyota, samaki, mistari mitatu, na herufi moja, ile ile inayoanza jina la baba yake. Akaipapasa herufi kwa kidole. Kumbe na marehemu naye alikuwa haamini watu!

Basi, baada ya wale wapumbavu watano, akaingia duka la kona. Mama mwenye duka hakupima wala hakuuliza. Aliitupia sampuli jicho moja, akashusha boksi la kijani lenye kona iliyobandikwa utepe.

"Ya mwisho hiyo, baba."

Mizani aliziweka krenki mbili sambamba. Akapima kwa rula yake mwenyewe, akazungusha uzi, akarudia. Zilifanana kama mapacha.

"Kumbe mji huu umebakiza mtu mmoja anayejua kazi!" alisema. Bei ilimuuma, lakini alilipa, akapeleka boksi na sampuli kwa fundi.

Kesho yake mchana msumeno uliwaka alipoivuta kamba mara moja tu. Kufika jioni mti ulikuwa magogo, na wajukuu wanarukaruka juu yake. Mzee hakutosheka na hilo. Alipita nyumba kwa nyumba akiwasimulia watu habari za maduka matano na vichwa vitano vitupu. Akamrudia hata yule wa duka la tano, akasimama mbele yake wateja wakiwapo.

"Pampu yako ya maji imekata mti mzima, kijana!"

Muuza duka alikuna kichwa. Wateja walicheka, na Mizani akarudi nyumbani kifua mbele.

"Haya, umeshinda," mkewe alisema. "Na ile krenki mbovu yenye herufi ya baba mkwe, umeiweka wapi?"

Swali lilimchoma. Angewezaje kusahau kitu kama kile kwa fundi, kitupwe na vyuma chakavu? Aliondoka pale pale. Njiani alikuwa ameshaamua kuitundika sebuleni, chini ya picha ya marehemu.

Kwa fundi alikuta mteja, mwanamke mmoja mwenye bustani ya miche, mkononi kashika kichupa cha petroli. Msumeno wake ulikuwa wazi mezani. Chini ya meza lilikuwapo boksi la kijani, kona imebandikwa utepe. Fundi alikuwa ameupa mlango mgongo, hakumwona mzee.

"Pole sana, dada yangu," alikuwa akisema kwa upole. "Krenki imekufa. Nenda nayo iwe sampuli."

Mwanamke aliipokea, akaigeuza geuza. Hakuwa mjinga, wauza maduka aliwajua. Alichomoa pini kichwani, akatafuta nafasi, na pembeni ya mizani ndogo akachora ua.