Pini ya Trela

Trela lilikuwa limelala ubavu mtaroni, gari la mashindano likining'inia juu yake kwa mikanda. Askari wa trafiki aliinama kwenye ndoano, akachungulia tundu la pini. Tupu.

"Nani alifunga trela hili?"

"Mimi," shemeji wa mkimbiza gari alijibu upesi. "Dereva ni mimi, leseni ya trela kubwa ninayo mimi. Huyu kazi yake kukimbiza gari Jumapili tu."

Mkimbiza gari alirudi nyuma hatua moja. Leseni ile ndiyo iliyomlisha shemeji, dereva wa malori, pamoja na watoto wake wanne. Asubuhi walipoondoka uwanjani, shemeji alimwuliza, "Umetia pini?" Naye akajibu, "Zamani," huku mawazo yake yote yakiwa kwenye matairi.

Pini huichomoa yeye mkimbiza gari kila wakifika uwanjani, wasije wakaibiwa trela. Sasa ilikuwa mfukoni mwake, nzito, imeshika joto la paja.

Askari alinyoosha mkono. Shemeji akaitoa leseni, akaona vidole vyake vimejaa matope.

"Shemeji," akamgeukia mkimbiza gari, "hebu nipe kitambaa chako nijifute."

Kitambaa kilikuwa mfuko uleule, kimejiviringisha kwenye pini.