Milango Saba ya Ngiri

Zamani hizo, wanyama walipokuwa na serikali na serikali yenyewe ina njaa, Ngiri alichimba nyumba ya milango saba, ili kila mgeni aingie kwa mlango wake. Jirani yake, Bi Fuko, alikuwa na mlango mmoja, mwembamba kama koo la mbu.

"Jirani, hapo unaishi au umejificha?" Ngiri akamtania.

"Naishi, bwana mkubwa. Tena kwa raha zangu."

Mavuno yalipokwisha, akaja Korongo, mtoza kodi. Kodi yenyewe ilikuwa kikapu cha karanga kwa kila mlango. Ngiri alikuwa na vikapu vinane. Akabaki na kimoja, watoto watano, na kiangazi kizima kinamkodolea macho.

Akaenda kwa Bi Fuko, angalau wauomboleze umaskini pamoja. Akatia jicho mlangoni, akasahau kulia. Aliona ukumbi baada ya ukumbi, ghala nyuma ya ghala, na karanga zimejaa mpaka jicho lake likachoka kuzifuata.

"Jirani," akanong'ona, "hii ni nyumba au wilaya?"

"Kabla sijachimba nilimuuliza Korongo huwa anahesabu nini," alisema Bi Fuko. "Akaniambia milango. Basi mimi nikajipanua kwa ndani."

Akamtolea karanga za watoto, moja moja, mpaka jua likatua, na ghala halikupungua hata dalili.

Ngiri akarudi kwake, akaziba milango sita. Na mpaka leo huingia shimoni kinyumenyume, uso nje, Korongo asije akamkuta amempa mgongo.