Kofia ya Nyaya

Siku hiyo mpumbavu alikuwa Machano mwenyewe, wala hakuna wa kumsingizia. Mwalimu Rukia wa kozi ya likizo ya saikolojia na ubongo aliuliza nani atavaa kofia ya nyaya inayosoma umeme wa kichwani, na yeye, kwa kupenda sifa, akasimama wa kwanza.

"Leo mtaona kipaji kinavyowaka," akatamba.

"Au tutaona chumba kitupu cha kupangisha," Tunu akamjibu, darasa likaangua kicheko.

Kofia ilipombana ndipo alipokumbuka kifafa chake, alichowaficha wenzake wote. Je, kinaonekana hata kikiwa kimelala? Kwenye skrini mistari ilikuwa ikienda taratibu, mara mmoja ukaruka juu kama umechomwa sindano.

"Sijaanguka tangu mwaka jana!" Machano akaropoka. "Wallahi, Mwalimu, dawa nakunywa kila siku!"

Mwalimu akamtazama kwa huruma.

"Ulipepesa macho tu, mwanangu. Kope ndizo huurusha mstari hivyo."

Lakini alikuwa ameshajianika. Viti vya jirani vikaanza kuburutwa kumkimbia. Tunu peke yake akavuta chake mbele, akamvua Machano kofia iliyolowa jasho, akaanza kuivaa.

"We Tunu, utaambukizwa kifafa!" Fumo akamkemea kutoka nyuma. "Iache hiyo!"

Tunu akaikaza kofia kidevuni.

"Wiki nzima tunasoma ubongo hapa, Fumo. Wako umeuacha bwenini?"