Gari Lililobaki Nyumbani

"Nionyeshe gari langu hapo Muhima," Winifred alisema, akisukuma simu yake kwenye kaunta ya ofisi ya faini mpaka ikagusa kikombe cha karani. "Nionyeshe tu, na mimi nicheke."

Karani, kijana mpole aitwaye Salvator, aliusoma ujumbe wa faini. Gari kuegeshwa vibaya, Muhima, Jumamosi, saa tatu asubuhi.

"Mfumo unasema gari iko yako, mama."

"Mfumo! Jumamosi hiyo ilikuwa ya umuganda, kaka. Nchi nzima imeshika jembe, barabara tupu, na mtu wenu anazunguka kuandikia magari faini. Yeye hana mtaa wa kusafisha?"

Watu kwenye foleni walicheka. Winifred akapandisha sauti, wa nyuma nao wasikie.

Faini yenyewe haikumuuma. Lililomuuma ni jina. Alikuwa mutwarasibo, kiongozi wa isibo, zile nyumba chache za majirani kule Masaka, na kila mwisho wa mwezi yeye ndiye aliyewataja, kwenye kundi la wasapu, wale waliokwepa umuganda, kazi ya pamoja ya asubuhi ya kusafisha mtaa. Hakuwa na huruma. Mwenye homa aliambiwa jembe hutoa jasho, na jasho huondoa homa. Mwenye mgeni aliambiwa mgeni naye ana mikono.

Kisha faini hii ikaja, naye kwa hasira akaitangaza dukani mbele ya kila mtu. Jirani yake Usumani, aliyekuwa ametajwa mara mbili mwaka huu, aliuweka mkate wake chini taratibu.

"Jumamosi ya umuganda? Yee! Kumbe Mutwarasibo ulikuwa Muhima. Sisi tuliochimba mtaro huku chini tulidhani uko na wale wa juu."

"Muhima nikafanye nini? Gari langu halikutoka getini!"

"Sawa, Mama Johnson. Faini imejiandika."

Tangu hapo isibo nzima ilimsalimia kwa tabasamu la pembeni. Na Jumapili iliyofuata wangechagua kiongozi wa isibo.

"Una ushahidi, mama?" Salvator aliuliza.

"Ushahidi? Nina kamera uani. Niliiweka kwa ajili ya wezi wa kuku, lakini hata ninyi itawatosha."

Aliifungua video aliyoitoa asubuhi hiyo. Gari lake jeupe lilikuwa limetulia uani, tarehe na saa zikionekana juu ya kioo cha simu.

"Hiki ni nini, kaka? Mbuzi?"

Salvator alilinganisha na picha iliyopigwa Muhima. Gari jeupe pia, lakini herufi moja ya namba ilikuwa tofauti. Aliyeandika alikosea.

"Uko sahihi, mama. Utusamehe. Nitumie hiyo video niiangalie yote, kisha nifute faini."

"Iangalie. Mwonyeshe hata mkubwa wako. Mwiteni na huyo wa Muhima, ajifunze kusoma."

Aliituma. Na kwa kuwa mkono ulikuwa tayari kwenye simu, akaituma pia kwenye kundi la isibo, na maneno haya: "Kwa wenye midomo. Gari langu, saa tatu, siku ya umuganda. Tazameni mpaka mwisho."

Salvator aliifungua video kwenye kompyuta yake na kuanza kuitazama. Mwanamke mmoja kwenye foleni alimpa Winifred mkono, akamwambia watu kama yeye ndio wanaohitajika. Winifred alikubali kwamba ni kweli.

Simu yake ikaanza kulia. Ujumbe mmoja, miwili, kisha mfululizo, kama mvua juu ya bati. Hakuifungua. Pongezi zinaweza kusubiri.

"Imefutwa, mama," Salvator alisema, macho bado kwenye kompyuta. "Kweli, gari haikutoka kabisa. Lakini huyu anayetoka ndani saa tatu na nusu na gauni la kulalia, anaegemea mlango wa gari, anapiga miayo na kunywa chai... si ni wewe?"