Sufuria ya Bi Kidawa

Mtandao wa mji ule uliogopa mawingu kuliko paka anavyoogopa maji. Mjukuu alipozaliwa nchi ya mbali, Mzee Shekuwe alipanda juu ya paa amwadhinie sikioni kwa simu, sauti ikakatikakatika. Mkewe, Bi Kidawa, akamfuata na sufuria ya pilau ya harusi, akaisimamisha nyuma ya simu.

“Shoga, leo unapika simu?” jirani alicheka uani.

“Mawimbi ni kama mpira, shoga. Yakigonga sufuria hurudi. Nayazibia goli.”

Akaigeuza taratibu, hata kilio cha mtoto kikasikika waziwazi. Mzee akaadhini. Kule, kilio kikanyamaza.

“Shusha, Bi Kidawa. Tumemaliza.”

Lakini sufuria ilibaki imeelekea milimani, kwenye mnara wa simu.

“Ngoja kidogo,” alisema. “Huenda mjukuu akajibu.”