Ndoo ya Mshindi wa Tatu

Katika shindano la kukuna nazi mtaani, wote walijua Bi Hadia ndiye atakayekuwa wa kwanza. Ila zawadi ya kwanza ilikuwa saa ya ukutani, ya pili kitenge, na ya tatu ndoo yenye bomba. Hadia alikaa kwenye mbuzi yake, akakuna nazi moja kwa kasi, kisha mkono ukaanza kulegea.

"Umechoka leo?" jirani yake Mwanahawa akamnong'oneza.

"Nazi hii ngumu," alijibu, akawaacha wawili wamtangulie.

Waliokuja kumpa pole walimkuta anacheka peke yake. Ndoo aliibeba kichwani mwenyewe hadi nyumbani, akakataa kupokewa.

Aliijaza maji, akaiweka juu ya stuli karibu na mumewe, Shomari, na beseni chini ya bomba. Tangu Shomari apooze upande mmoja, kila mlo alikuwa akinawishwa. Hata sasa, alipoona wali, alinyoosha mkono wake mzima akangoja kumiminiwa. Hadia hakushika kopo. Aliendelea kupakua mchuzi kama vile hakumwona.

Shomari akaitazama ndoo. Akafungua bomba, akaweka mkono chini yake, akasugua vidole kimoja kimoja kwa dole gumba, kisha akaanza tena upya.

"Maji yatakwisha," Hadia alisema.

"Yaishe," alijibu Shomari, mkono ungali chini ya bomba, wali unapoa.