Mstari wa Pili

Kipimo cha mtoto kilitoa mistari miwili. Cha mama yake kilitoa mmoja tu.

Mpimaji alirudia vyote viwili, akidhani amechanganya damu. Majibu yakawa yale yale: mtoto ana kingamwili za homa ya ini, mama hana hata chembe.

Akavua glavu taratibu. Mtoto wa wiki chache hajajitengenezea kingamwili zake. Huwa nazo za yule aliyembeba tumboni.

Akawaita. Mama aliingia na mtoto kifuani, mdogo wake wa kike nyuma akiwa na mkoba wa nepi.

"Dada, wewe ni mzima," mpimaji alisema. "Mtoto naye huenda hana ugonjwa, tutampima tena akikua. Ila hizi kingamwili..." Akamtazama mtoto. "Kapewa na aliyemzaa. Huyo ndiye anayehitaji tiba, tena mapema."

"Aliyemzaa ni mimi! Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Karudie kipimo chako."

"Nimesharudia, dada yangu."

Mtoto akaangua kilio. Mama akambembeleza, akamtia chupa mdomoni, wapi! Alilia kama aliyefinywa.

Ndipo mpimaji alipoona blauzi ya yule mdogo mtu ikilowa kifuani, upande mmoja, kisha wa pili. Mama naye aliona.

"Usithubutu," alimnong'oneza.

Mdogo wake akauweka mkoba sakafuni, akaketi kwenye kiti cha kutolea damu, akaanza kukunja mkono wa blauzi.